Namna ya Kuandika Historia ya Makaburi ya Umma ya Mji Mdogo

Anayekusudia kuandika historia ya makaburi ya umma ya mji mdogo kwa kawaida huanza kwa kuingia makaburini na kamera na daftari, akanakili majina ya watu mashuhuri na kupiga picha mawe yenye nakshi. Kazi hiyo inavutia, lakini mavuno yake ni orodha ya watu ambao familia zao ziliweza kulipia jiwe. Makaburi ya umma ni zao la maamuzi ya mamlaka kuhusu ardhi: itatoka kwa nani, itakuwa umbali gani na nyumba za watu, itagawanywaje, nani atalipia nafasi na nani atazikwa bure. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata mpangilio ambao waandishi wengi huugeuza. Unaanza na ardhi na sheria, unapitia madaftari ya mazishi kwa kirefu, kisha unayafikia mawe, ambayo ni mashahidi wa kuhojiwa kabla ya kuaminiwa.

Ardhi kwanza

Swali la kwanza ni lini eneo lile lilitengwa kuwa makaburi, na jibu lake halimo kwenye jiwe la kale kuliko yote. Limo katika karatasi za ardhi: hati za umiliki, ramani za wapimaji, matangazo ya gazeti la serikali kuhusu ardhi iliyotwaliwa kwa manufaa ya umma, na mihtasari ya vikao vya baraza la mji. Ukizipata, andika tarehe tatu, kila moja peke yake: siku baraza lilipoamua, siku eneo lilipofunguliwa rasmi, na siku ya mazishi ya kwanza yaliyoandikwa. Ni nadra tarehe hizo kuwa moja. Pengine mazishi hutangulia ufunguzi, kwa kuwa maiti haisubiri sherehe, na pengine miaka kadhaa hupita kati ya uamuzi na kaburi la kwanza kwa sababu fedha za fidia au za uzio hazijapatikana. Mwandishi anayetaja mwaka mmoja tu, bila kueleza ni mwaka wa nini, huwaachia wanaomfuata ubishi usio wa lazima.

Ukishapata tarehe, uliza kwa nini eneo liko pale lilipo. Waliochagua ardhi ya kuzikia walitafuta udongo wenye kina, unaochimbika kwa urahisi bila kuporomoka, mahali ambapo maji ya ardhini hayako karibu na uso, visima viko mbali, na makazi hayajafika. Vigezo hivi vina historia yake. Mjini Paris, mwaka 1780, ukuta wa chumba cha chini cha nyumba iliyopakana na makaburi ya Innocents ulibomoka kwa uzito wa miili iliyozikwa upande wa pili. Makaburi hayo yalifungwa, na miaka michache baadaye mifupa ikahamishiwa kwenye mashimo ya zamani ya kuchimbia mawe. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 12 Juni 1804 ikakataza mazishi ndani ya makanisa na ndani ya miji, ikataka makaburi yawe angalau mita 35 hadi 40 nje ya mji, na ikaweka kina cha kaburi kuwa kati ya mita 1.5 na mita 2. Nchini Uingereza, hofu ya kipindupindu na msongamano wa viwanja vya makanisa vilizaa sheria za mazishi za 1852 kwa London na 1853 kwa sehemu nyingine, na ndizo zilizoziwezesha bodi za mazishi za miji, hata midogo, kununua ardhi kwa fedha za umma.

Ukiyafahamu hayo, utaona kwamba makaburi ambayo leo yamezungukwa na maduka na shule yalikuwa pembezoni siku yalipofunguliwa. Chora mstari wa ukingo wa mji kama ulivyokuwa mwaka ule, ukitumia ramani ya upimaji iliyo karibu zaidi na tarehe hiyo na, kwa karne ya 20, picha zilizopigwa kutoka angani. Mstari huo utakuonyesha mji ulikua kuelekea upande gani, na pia ni nani waliojikuta wanaishi jirani na makaburi bila kupenda. Jambo la mwisho si dogo, maana malalamiko ya majirani ndiyo yanayojaza majalada ya makaburi kuliko jambo lingine lolote.

Chunguza pia ukubwa uliokadiriwa. Sheria ile ya 1804 ilielekeza kwamba kaburi lisifunguliwe tena kabla ya miaka mitano, na kwamba eneo liwe kubwa mara tano ya nafasi iliyohitajika kwa wafu wa mwaka mmoja. Hesabu ya namna hiyo ilifanywa na mabaraza mengi, kila moja kwa kanuni zake, na wakati mwingine inapatikana katika ripoti ya mhandisi au ya ofisa wa afya. Ukijua baraza lilitarajia makaburi yajae baada ya miaka mingapi, kisha ukajua yalijaa lini hasa, utakuwa umepata kipimo cha ukuaji wa mji ambacho hakuna hotuba ya ufunguzi inayoweza kukupa.

Waliozikwa kabla ya hapo

Hakuna mji ulioanza kuzika watu siku baraza lake lilipofungua makaburi ya umma. Kabla ya hapo palikuwa na viwanja vya makanisa na misikiti, makaburi ya koo, mashamba ya familia, na mahali walipozikwa wale ambao hawakuhesabiwa kuwa raia. Historia inayoanza na uamuzi wa baraza tu huurithi upofu wa baraza hilo. Tafuta ramani za kale kuliko zote za mji na uzisome neno kwa neno, pamoja na maandishi madogo ya pembeni. Mjini New York, ramani ya 1755 ilionyesha wazi uwanja wa mazishi wa watu weusi nje ya mji wa wakati ule. Hata hivyo uwanja huo ulijengewa juu na kusahauliwa, mpaka wachimbaji wa msingi wa jengo la serikali walipoifikia mifupa mwaka 1991. Mabaki ya watu zaidi ya 400 yalifukuliwa, yakachunguzwa, na kuzikwa upya mwaka 2003. Ramani ilikuwapo muda wote.

Ukigundua kwamba makaburi ya zamani yalihamishwa, fuatilia mambo matatu: miili ilikwenda wapi, mawe yalikwenda wapi, na orodha ya waliohamishwa iko kwa nani. Mambo hayo matatu aghalabu huachana njiani. San Francisco, Marekani, ilipiga marufuku mazishi mapya ndani ya mji mwanzoni mwa karne ya 20, kisha makaburi yakahamishiwa Colma, mji mdogo wa jirani ambao hadi leo wafu wake ni wengi kuliko wakazi wake. Mawe ambayo familia hazikuyadai hayakuwafuata wenyewe. Mengine yaliishia kujengea mifereji ya bustani ya Buena Vista, na maandishi yake bado yanaonekana mahali pengine.

Kuna mtego wa upande wa pili. Jiwe lenye tarehe ya kale kuliko makaburi yenyewe halithibitishi kwamba watu walizikwa hapo tangu tarehe hiyo. Makaburi ya Père Lachaise mjini Paris yalifunguliwa 1804, lakini mwaka 1817 yaliletwa humo mabaki yaliyosemekana kuwa ya Molière, mwandishi mashuhuri wa tamthilia aliyefariki 1673, ili wateja wavutiwe na eneo ambalo wakati huo lilionekana kuwa mbali. Mji mdogo hauna Molière, lakini una familia zilizohamisha mifupa ya babu, na zilizoandika jina lake kwenye jiwe la mjukuu ilhali yeye amelala kijijini.

Mipaka ya ndani

Makaburi machache sana ya umma ni uwanja mmoja usiogawanyika. Kifungu cha 15 cha sheria ya Ufaransa ya 1804 kiliagiza kila dini iwe na sehemu yake, ikitengwa kwa ukuta, ua au mtaro, na agizo hilo lilifutwa mwaka 1881. Makaburi ya umma ya Uingereza ya katikati ya karne ya 19 yalikuwa na sehemu iliyobarikiwa kwa ajili ya waumini wa kanisa la taifa na sehemu isiyobarikiwa kwa wengine, na pengi palijengwa kanisa dogo kwa kila upande. Katika miji iliyotawaliwa kikoloni, mgawanyo wa dini uliongezewa ule wa rangi na asili.

Kinachomfaa mtafiti ni kwamba njia, kuta na safu za miti huishi muda mrefu kuliko kanuni zilizoziweka. Chukua ramani ya asili ya vitalu, ukiipata, uilinganishe na hali ya sasa, na kwa kila mstari unaokatisha eneo uliza ulitenganisha nani na nani. Ikiwa ramani haipo, ichore mwenyewe kwa kupima, kwa sababu bila ramani ya vitalu daftari la mazishi halisomeki.

Daftari la mazishi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ningemshauri yeyote atumie nusu ya muda wake. Ofisi inayosimamia makaburi kwa kawaida huwa na rejesta mbili: moja inayoandikwa kwa mfuatano wa tarehe za mazishi, na nyingine inayofuata namba za makaburi. Zote mbili zikiwapo, usitosheke na moja. Ya kwanza hukuonyesha mji ulivyokuwa ukifiwa mwezi kwa mwezi. Ya pili hukuonyesha nafasi moja ilivyotumika tena na tena, nani aliinunua, na ni lini familia ilikoma kuja.

Kabla ya kunakili jina hata moja, soma kurasa za mwanzo na uelewe safu zake. Tarehe iliyoandikwa ni ya kifo au ya mazishi? Umri ulitajwa na nani, na unaonekana kuwa wa kukadiria, kama pale ambapo watu wazima wengi mno wana miaka 40, 50 au 60 kamili? Makazi yameandikwa kwa jina la mtaa, la mwajiri, au la hospitali? Daraja la kaburi na ada iliyolipwa vimo? Safu zinapobadilika katikati ya daftari, andika tarehe ya mabadiliko, maana nyuma yake kuna sheria mpya, karani mpya au fomu mpya kutoka makao makuu. Safu ya dini ikitoweka, au safu ya kabila ikiingia, hilo ni tukio la kihistoria sawa na kufunguliwa kwa lango jipya.

Kisha hesabu. Si lazima kunakili daftari zima mwanzoni. Chukua mwaka wa kwanza, mwaka mmoja katika kila kumi, na miaka yote ambayo unajua mji ulipata balaa. Kwa kila mwaka uliouchagua, panga mazishi kwa mwezi, kwa umri na kwa kitalu. Miezi ya homa kuu ya mafua ya 1918 hujitokeza yenyewe katika madaftari ya miji mingi duniani, mistari ikisongamana na mwandiko ukiharibika. Njaa, surua, kipindupindu na ajali za viwandani nazo huacha alama zao. Idadi ya watoto wachanga humshtua karibu kila anayesoma rejesta za kabla ya chanjo, na hao ndio ambao mara nyingi hawana majina, bali wameandikwa “mtoto wa fulani”. Wanakili hivyo hivyo, kwa kuwa ukiwaacha kwa sababu hawana majina, hesabu yako ya mji mzima itakuwa ya uongo.

Mapengo yanahitaji uangalifu wa pekee. Kurasa zilizokosekana ni jambo moja, na miezi isiyo na maandishi ilhali namba zinaendelea ni jambo lingine. Zikiwapo karatasi za vibali vya mazishi, zitumie kuziba pengo. Zisipokuwapo, angalia kumbukumbu za vifo za msajili wa wilaya, rejesta za makanisa na misikiti, vitabu vya hospitali, na matangazo ya vifo magazetini. Linganisha majina machache yanayojulikana katika vyanzo viwili au vitatu, upime karani alikuwa mwangalifu kiasi gani. Karani anayekosea tahajia za majina ya jamii moja tu amekuambia jambo kuhusu mji, ijapokuwa hakukusudia.

Ukimaliza, linganisha jumla ya mazishi na idadi ya mawe uwanjani. Tofauti itakuwa kubwa, na ndiyo hoja ya historia yako.

Majalada ya baraza

Makaburi hutajwa katika vikao vya baraza pale panapokuwa na tatizo. Usitafute kichwa kinachosema “makaburi” peke yake. Pitia kamati ya afya, kamati ya ujenzi, na makadirio ya bajeti ya kila mwaka, ambamo utakuta mshahara wa mlinzi, bei ya majeneza ya mafukara, ukarabati wa uzio uliovunjwa na mifugo, na ada mpya za nafasi. Mabadiliko ya ada yafuatilie kwa makini. Nafasi za mbele, karibu na lango na njia kuu, kwa kawaida ziliuzwa ghali, na zile za nyuma, kwenye mteremko au karibu na mtaro, zikaachiwa wasio na kitu. Ukiweka bei za mwaka fulani juu ya ramani ya vitalu, utaiona ngazi ya jamii ya mji ule imelala chini ardhini.

Jambo jingine la kutafuta ni muda wa umiliki. Katika nchi nyingi nafasi haiuzwi milele. Ujerumani, kwa mfano, kaburi hukodiwa kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 20 hadi 30, na lisipolipiwa tena hutumika kwa mwingine. Kama mji wako ulifuata utaratibu wa namna hiyo, basi mawe unayoyaona ni ya kizazi cha mwisho tu, na kukosekana kwa mawe ya zamani hakumaanishi kwamba makaburi ni mapya.

Kuyasoma mawe

Sasa unaweza kuingia uwanjani. Ingia na ramani ya vitalu, vipe safu namba, na ufuate mpangilio mmoja kutoka kona moja hadi nyingine bila kurukia jiwe linalovutia. Kwa kila kaburi andika mahali lilipo, aina ya alama, malighafi, maandishi yote kama yalivyo pamoja na makosa yake, jina la fundi kama limechongwa chini, na hali ya jiwe. Piga picha moja ya jiwe zima, moja ya maandishi, na moja inayoonyesha majirani wake, ili atakayekuja baadaye alipate.

Maandishi yaliyofifia husomeka yakipigwa na mwanga wa upande. Nenda asubuhi au jioni kufuatana na upande jiwe linakoelekea, au tumia kioo kuurusha mwanga wa jua upite kwa upande juu ya uso wa jiwe. Usipake chaki, unga wala povu la kunyolea. Povu hilo lina asidi, na unga hulisha kuvu. Usisugue kwa brashi ya waya, wala usitumie dawa ya kuondoa madoa ya nguo. Ikiwa mwenye mamlaka ameruhusu usafishaji, maji safi na brashi laini vinatosha, na jiwe linalomeng’enyuka au linalotoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani likigongwa kwa kidole lisiguswe kabisa. Kazi ya kulaza karatasi juu ya jiwe na kuisugua kwa penseli, ambayo bado inapendwa na wengi, huliharibu jiwe dhaifu, na picha nzuri imeifanya isiwe na haja.

Malighafi husaidia kukisia umri, kwa tahadhari. Marumaru huliwa na mvua yenye asidi, herufi zake zikawa za mviringo na hatimaye kupotea, hivyo jiwe la marumaru katika mji wa viwanda huonekana kongwe kuliko lilivyo. Itale (graniti) ni ngumu, na ilienea zaidi katika makaburi ya watu wa kawaida baada ya misumeno ya mvuke na nyundo za hewa kurahisisha ukataji wake katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alama za zinki, za rangi ya kijivu yenye ubuluu na zilizo wazi ndani, zilitengenezwa na kampuni ya Monumental Bronze ya Bridgeport, Marekani, kati ya 1874 na 1914, na ziliuzwa kwa katalogi, kwa hiyo zina mipaka ya tarehe iliyo bora kuliko ya mawe mengi. Saruji iliyomiminwa na kuandikwa kwa kijiti kabla haijakauka ni kazi ya familia yenyewe. Usiipite haraka, kwa sababu pengine ndiyo maandishi pekee ya mkono ya watu wale yaliyobaki.

Tarehe nazo zina mitego yake. Jiwe linaweza kuwekwa miaka mingi baada ya kifo, pale familia ilipopata fedha, au mjane alipofariki na wote wawili wakaandikwa pamoja kwa mwandiko mmoja. Kalenda hutofautiana: mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo kila miaka 33 ya Hijria ni sawa na takriban 32 ya kalenda ya Gregori, na umri ulioandikwa kwa kalenda moja hauwezi kutolewa kwa kalenda nyingine bila hesabu. Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya Juliasi hadi 1752, na Urusi hadi 1918. Andika tarehe kama ilivyochongwa, kisha weka tafsiri yako kando, ili kosa lako, likitokea, lisiifute tarehe ya asili.

Alama za picha zichukulie kwa kiasi. Nguzo iliyovunjika kwa kawaida humaanisha maisha yaliyokatika mapema, na mwanakondoo huwekwa juu ya kaburi la mtoto; lakini fundi wa mji mdogo alikuwa na michoro michache katika katalogi yake, na familia ilichagua iliyopatikana. Kabla ya kuandika aya ndefu kuhusu imani ya marehemu, hesabu ni mawe mangapi ya fundi yuleyule yana mchoro uleule.

Sehemu zisizo na mawe

Nafasi tupu ndani ya makaburi ya zamani ni mara chache kuwa tupu kweli. Udongo uliobonyea kwa safu, majani yanayoota tofauti msimu wa ukame, vichaka vya mapambo vilivyopandwa kwa mpangilio, au mawe ya asili yaliyosimamishwa kwa jozi ni dalili za makaburi. Upimaji kwa rada ya kupenya ardhini unaweza kuonyesha mahali udongo ulipochimbwa, ingawa mawimbi yake hupenya vibaya katika udongo wa mfinyanzi, na hautakuambia aliyezikwa ni nani. Usichome vyuma ardhini wala usichimbe. Ufukuaji una sheria zake karibu kila nchi, na historia haihitaji mifupa ionekane.

Kitalu cha mafukara ndicho kitakachokudai zaidi. Katika kisiwa cha Hart mjini New York, ambako mji umezika watu wasio na uwezo na miili isiyodaiwa tangu 1869, wamelazwa zaidi ya watu milioni moja, wengi wao katika mahandaki ya pamoja, na kinachowatambulisha ni daftari tu. Mji mdogo una kisiwa chake cha namna hiyo, pengine robo ya ekari nyuma ya ghala la zana. Tumia rejesta kutaja idadi yao, miaka yao, na kanuni iliyowapeleka pale.

Hata mawe yanayoonekana ya haki kabisa yana ukimya wake. Miji mingi midogo ina safu ya makaburi ya vita yanayotunzwa na tume iliyoanzishwa kwa hati ya kifalme ya Uingereza mwaka 1917, yenye mawe ya urefu mmoja wa sentimita 81 ili mkubwa na mdogo wa cheo wawe sawa. Hata hivyo, ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wakiwa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ukiiona safu kama hiyo, uliza nani walikufa mahali palepale, katika vita vilevile, bila kupewa jiwe.

Wanaojua bila kuandika

Wachimba makaburi, walinzi, mafundi wa mawe, viongozi wa dini na waosha maiti wanajua mambo ambayo ofisi haikuyaandika: kona inayojaa maji, safu iliyozikwa mara mbili, familia zilizokatazwa upande fulani, usiku miili ilipoletwa kwa gari bila vibali. Nenda kwao baada ya kusoma daftari, ili uwe na la kuuliza. Watembelee uwanjani kuliko ofisini, kwa kuwa mtu akisimama mahali penyewe hukumbuka kwa mpangilio. Usiwaombe miaka, waombe tukio lililotangulia na lililofuata, kisha utafute tarehe mwenyewe. Wanapopingana na rejesta, weka kauli zote mbili katika maandishi yako na useme ni ipi unayoiamini na kwa nini.

Kuandika na kuweka

Panga maandishi kwa vipindi vya ardhi: kutengwa, kugawanywa, kupanuliwa, kujaa, kufungwa au kutumika upya. Watu mashuhuri waingie pale kaburi lao linapoeleza kipindi, na mengine waachiwe waandishi wa wasifu. Sababu za vifo vya miaka ya karibuni, hasa zile zinazoweza kuwaaibisha walio hai, zitolewe kama jumla bila majina, hata pale ambapo sheria inaruhusu kuzitaja. Familia ikikuomba usichapishe picha ya kaburi fulani, iache. Historia ya eneo zima haitapungukiwa kwa picha moja.

Nakala ya jedwali la mawe, ramani yako ya vitalu na picha ziwekwe mahali pasipopungua patatu: ofisi ya makaburi, maktaba ya mji, na hifadhi ya nyaraka ya mkoa au ya taifa. Kila nakala iandikwe tarehe uliyofanya upimaji na orodha ya vitalu ambavyo hukuvifikia, kwa sababu jiwe lililosomeka mwaka huu laweza kuwa limeanguka mwaka ujao, na mtafiti atakayekuta jina kwako lakini asilikute uwanjani atahitaji kujua kama lilikuwapo au ulilitoa kwenye daftari.